Chuo Kikubwa cha Serikali: Je, Kinamfaa Shemeji Yako?

Kama umri wako unaruhusu, utaikumbuka ile noti ya shilingi mia tano kabla haijageuka sarafu mwaka 2014. Mgongoni mwake lilichorwa jengo lenye paa la aina yake: Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nikiwa mwaka wa kwanza, kila nilipompa konda noti ile pale Mwenge nilikuwa naigeuza kwanza ili abiria wa jirani aone. "Hapa ndipo ninaposoma." Nani aliniuliza? Hakuna. Lakini ndivyo tulivyo sisi watu wa Mlimani, tuna ugonjwa huo na dawa yake haijapatikana.

Mke wangu yeye alisoma chuo kidogo cha binafsi, mkoani, kile ambacho ukimtajia mtu lazima uongeze na jina la mji ndipo aseme "aaah". Huu ni mwaka wa nane wa ndoa yetu, na kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa la utani tu. Mwaka jana likaacha kuwa utani. Mdogo wake wa mwisho alikuwa anamaliza kidato cha sita, na mama mkwe akapiga simu: "Wanangu, huyu mtoto nawaachia ninyi. Ninyi ndio mliosoma."

Msomaji, ukiona mama mkwe anakusifia elimu yako, shika pochi kwanza.

Shemeji yangu ni binti mpole wa miaka 19. Ukimsalimia anaitikia, ukinyamaza ananyamaza. Anataka kusoma sheria. Mimi nikasema sheria ni Mlimani, mjadala umefungwa. Mke wangu akasema mdogo wake hatapelekwa kwenye halaiki, atapelekwa mahali ambapo asipoonekana darasani siku mbili mtu atauliza. Usiku huo tulilala mgongo kwa mgongo. Kisa? Chuo. Cha mtu ambaye hata matokeo yake yalikuwa hayajatoka.

Mwenye chuo yuko kambini

Kwa ambaye hana mtoto wa shule nyumbani na hajui ratiba ya siku hizi: mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na kwa kuwa utaratibu wa JKT kwa mujibu wa sheria ulirudishwa mwaka 2013, wengi wao mwanzoni mwa Juni wanakuwa kambini. Matokeo yanatoka Julai wakiwa huko huko. Dirisha la maombi ya vyuo likifunguliwa, anayeshika simu na kujaza fomu mara nyingi ni dada, kaka au mjomba. Tangu mwaka 2017 maombi hayapiti tena kwenye ule mfumo mmoja wa TCU. Unaomba kwa kila chuo peke yake, na kila kimoja kina akaunti yake na nywila yake. Nimewaona ofisini kwetu watu wazima, wenye vyeo vyao, wakijaza fomu za wadogo zao saa ya chakula cha mchana. Wanachagua kozi kama mtu anayechagua kifurushi cha intaneti: hiki kina jina, hiki kina bei, bonyeza moja kukubali. Mwenyewe yuko Ruvu au Mafinga anakimbia mchakamchaka.

Sisi tulikuwa na siku tisa kati ya mtihani wake wa mwisho na siku ya kuripoti kambini. Nikasema basi, kabla hatujauana, tumpeleke akakione. Masomo yalikuwa yanaendelea, na hilo ni la muhimu kuliko unavyodhani. Chuo wakati wa likizo ni majengo na tumbili tu. Ukitaka kujua kama mtu ataishi mahali, mpeleke siku ya kazi, saa ambayo watu wana haraka na jua limewaka.

Saa nzima, hakuna aliyetuuliza

Tuliomba ruhusa kazini wote wawili, Alhamisi moja, tukaingilia upande wa Savei. Nikaanza kazi yangu ya kuongoza watalii. Nikamweleza shemeji kwamba chuo hiki kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, na kwamba fani ya kwanza kabisa kufundishwa ilikuwa hiyo hiyo sheria anayoitaka yeye, wanafunzi wakiwa hawafiki hata 20. Hapa kilimani walihamia mwaka 1964. Nikaendelea: Walter Rodney alifundisha hapa. Museveni alimaliza hapa mwaka 1970. Kikwete, 1975. Mke wangu akauliza taratibu, "Na wewe ulikaa dawati moja na Museveni?" Shemeji akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

Maktaba mpya, ile iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018, ilimnyamazisha hata mke wangu. Inachukua maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Shemeji alisimama nje akaitazama, halafu akasema, "Shule yetu nzima, na walimu na wapishi, ingeingia humo na viti vikabaki." Sikujua kama anafurahi au anaogopa. Nadhani hata yeye hakujua.

Halafu tukafanya jambo ambalo nakushauri ulifanye. Tuliingia darasani. Lilikuwa moja ya yale masomo ambayo kozi nyingi zinasoma kwa pamoja, mamia ya watu ukumbini. Tukakaa safu za nyuma, mimi, mke wangu na binti, mimi nikiwa na shati la ofisini na kitambi changu cha miaka arobaini kasoro. Mhadhiri alikuwa na maikrofoni; kutoka tulipokaa alionekana mdogo kama dole gumba. Kijana wa kushoto kwetu alikuwa anaangalia marudio ya mechi kwenye simu. Dada wa mbele yetu aliandika kila neno, nadhani aliandika hata kikohozi cha mhadhiri. Tulikaa saa nzima. Watu watatu wasiohusika kabisa, na hakuna aliyetugeukia kutuuliza ninyi ni akina nani.

Tulipotoka, mke wangu akaniambia, "Umeona? Saa nzima, na hakuna aliyejua kwamba hatukutakiwa kuwepo. Sasa siku akiwa hayupo, nani atajua?"

Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Ndio uzuri wake huo."

Hatukuwa tunabishana juu ya vitu viwili. Wote tuliona kitu kile kile. Kwangu mimi, mtoto wa nyumba iliyojaa wajomba na mashangazi wenye maoni, kutojulikana ilikuwa ni kama kuvua viatu baada ya safari ndefu. Kwa mke wangu ilikuwa ni shimo.

Shemeji hakusema kitu. Ila tulipokaa kunywa soda alimgeukia binti wa meza ya pili, akamsalimia, akamuuliza swali ambalo mimi kwa miaka yangu yote pale sikuwahi kujiuliza: "Dada, hapa ukiumwa nani anajua?"

Yule binti akafikiri. "Unayelala naye chumba kimoja. Na wale wa kundi lako la majadiliano. Kama unalo." Akanywa juisi yake. "Mimi mwaka wa kwanza sikuwa nalo. Sasa hivi ninalo."

Kubwa na serikali ni maneno mawili

Kabla sijaendelea, niondoe mkanganyiko ambao naukuta hata kwa watu wenye digrii mbili. Chuo cha serikali si lazima kiwe kikubwa. Muhimbili na Ardhi vyote vilikuwa chini ya Mlimani, vikawa vyuo vikuu vyenyewe mwaka 2007. Ni vya umma, lakini kila kimoja kina fani zake chache, na mtu wa mwaka wa tatu anakumbuka sura nyingi za darasa lake. Mzumbe na Sokoine pale Morogoro ni vya umma pia, na maisha yake si ya Dar. Kwa upande mwingine Dodoma, ambayo ilianza mwaka huo huo wa 2007 kwenye ukumbi wa Chimwaga, ilipangwa tangu mwanzo ifikie wanafunzi 40,000. Huo ni mji. Kwa hiyo mtu akikuambia "nataka cha serikali", muulize anamaanisha ada nafuu, au jina, au ukubwa. Mara nyingi anataka cha kwanza na cha pili, cha tatu anakipewa kama nyongeza bila kuulizwa.

Na ukubwa wenyewe unafanyaje kazi? Chukua Mlimani. Kwa kawaida kosiweki inabeba alama 40 na UE ya mwisho wa muhula alama 60. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kukaa wiki nyingi akizama taratibu bila kelele yoyote, akaja kujua Julai kwamba amezama. Mwalimu wa sekondari angekuita Machi. Profesa mwenye watu mia nne hawezi kukuita, hata awe na moyo wa dhahabu. Ila ukienda wewe kubisha hodi, mlango huo una mtu ambaye pengine ndiye aliyeandika kitabu mnachosomea. Nilibisha mara mbili tu katika miaka yangu mitatu. Mara ya pili ndiyo iliyonipatia mafunzo kwa vitendo katika ofisi ambayo baadaye iliniajiri. Ningebisha mara kumi, sijui leo ningekuwa wapi.

Wapo watu ambao hawabishi hodi. Si wajinga, wengine ndio vichwa vya darasa. Ni watu wa kungoja waitwe. Kama unaye mtu wa namna hiyo nyumbani, unamjua. Ndiye ambaye sahani ya nyama ikipita hasemi "bado mimi".

Kudogo nako kuna macho

Nisiwe mnafiki, nimsemee na mke wangu. Baba yake alipofariki akiwa mwaka wa pili, habari zilimfikia saa nne asubuhi. Kufikia saa sita mhadhiri wake wa hesabu alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake na nauli mkononi, iliyochangwa na darasa. Darasa zima lilikuwa watu 38. Alirudi baada ya wiki tatu akakuta mitihani aliyoikosa imepangiwa tarehe yake peke yake. Hawezi kuongea habari hiyo bila kufuta macho, na mimi nikiisikia najua hoja zangu za Rodney na Museveni haziingii hata mlangoni.

Lakini siku nyingine, akiwa na wenzake wa chuo, husimulia upande wa pili. Nani anatembea na nani ilijulikana kabla wenyewe hawajajua. Aliwahi kuitwa ofisini kwa sababu ya sketi. Majina ya waliochelewa ada yalibandikwa ubaoni, na la kwake lilikaa pale wiki mbili nzima. Na wakati wa kutafuta kazi alituma barua nyingi, na kwenye usaili mmoja mtu alimuuliza, "Hicho chuo kipo kweli?" Hilo bado linamuuma. Nadhani sehemu ya ugomvi wetu ilikuwa hapo: kila nilipotaja Mlimani, yeye alimsikia yule mtu wa usaili.

Pesa, tuseme ukweli

Wengi wetu tunaosoma jarida hili bado tunakatwa. Asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kila mwezi, tangu sheria ya Bodi ya Mikopo ilipobadilishwa mwaka 2016. Mimi na mke wangu tunakatwa wote wawili. Angalau ile tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 ilifutwa mwaka 2021, tukapumua. Kwa hiyo tunapoongelea kumsomesha mdogo mtu, tunaongelea mshahara ambao haujafika nyumbani mzima.

Bodi inakopesha wa vyuo vya umma na wa binafsi pia, usimnyime mtu chuo kwa kudhani hatapata. Tofauti iko kwenye maisha. Bumu la chakula na malazi lilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Elfu kumi ya Dar na elfu kumi ya Iringa ni noti moja, lakini si pesa moja. Pale Mlimani hosteli za Magufuli zilizofunguliwa mwaka 2017 zina nafasi 3,840. Ukijumlisha na mabweni ya zamani na Mabibo, bado wapo wengi wanaopanga Sinza, Msewe, Changanyikeni na Makongo, ambako mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi kabla hajakupa ufunguo. Wengine wanabebana, wawili kitanda kimoja, kichwa huku na miguu kule. Tuliwahi kubebana sisi, na wanabebana leo.

Hesabu yetu mezani haikuwa ada. Ilikuwa: akikosa kitanda, je, ataishi kwetu Kimara na kuamka saa kumi na moja, au tutampangia? Na kama tutampangia, ile kozi ya jioni ambayo mke wangu ameiahirisha mara mbili inaahirishwa mara ya tatu? Hilo ndilo lililokuwa chini ya meza wakati wote. Lilikuwa halijasemwa.

Wapenzi mnaosoma hapa, lisemeni mapema. Sisi tulilisema tumechelewa, na kwa sauti ya juu.

Niliyokuwa sijamwambia

Turudi ile Alhamisi. Tukiwa kwenye foleni barabara ya Sam Nujoma, shemeji nyuma ya gari na hedifoni masikioni, mke wangu akasema, "Hebu niambie kweli. Mdogo wako yule, ilikuwaje mpaka akaacha chuo?"

Mdogo wangu wa kiume alisoma chuo kimoja kikubwa cha serikali, si Mlimani, sikitaji kwa kuwa kosa halikuwa lake. Tulipooana nilimwambia mke wangu kwamba alipata matatizo ya mkopo. Ni uongo uliokaa vizuri, kila mtu anauamini.

Ukweli ni huu. Mdogo wangu alitaka chuo cha ufundi, umeme. Kilikuwa dakika ishirini kutoka nyumbani. Nikamwambia, "Na matokeo haya uende ufundi? Watu watatuonaje?" Akaenda nilikomtuma. Mwaka wa kwanza alipita kwa sapu. Mwaka wa pili alidisko, yaani aliondolewa masomoni, na hakumwambia mtu. Alibaki kwenye kile chumba alichopanga miezi saba. Mimi nilituma pesa kila mwezi, na kila mwezi alijibu meseji: "Shikamoo kaka, imefika, masomo yanaendelea vizuri." Jamaa wa ofisini kwetu aliyekwenda kikazi mji ule ndiye aliyemkuta stendi anauza vocha.

Nilipanda basi usiku huo huo. Nilimkuta amekonda. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia, nikategemea aseme aliona aibu. Akasema, "Kaka, mwanzoni nilikuwa nangoja mtu anitafute. Mwalimu, kiongozi wa darasa, yeyote. Nilisema akija mtu nitamwambia. Siku zikapita."

Mke wangu alizima redio. Kwa muda hakusema kitu. Halafu akasema, "Na wewe ulitaka kumpeleka mdogo wangu." Sikuwa na jibu. Nilijua kwamba hoja yake ilikuwa na nguvu kuliko alivyojua mwenyewe, na nimeikalia miaka yote hii ili nisionekane mbaya.

Ila nilipofika nyumbani na kuifikiria, kuna kitu hakikukaa sawa. Mdogo wangu hakuangushwa na ukubwa peke yake. Aliulizwa maoni ya watu wote isipokuwa yake. Na sisi pale sebuleni, mimi na mke wangu, tulikuwa tunafanya nini?

Aliporudi

Tuliomba vyuo viwili kwa niaba yake, kwa makubaliano kwamba hakuna atakayethibitisha kitu mpaka arudi. Alichaguliwa kote kuwili. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima uthibitishe kimoja, na namba ya kuthibitisha inakuja kwa meseji. Ilikuja kwenye simu ya mke wangu. Niliona jinsi alivyoishika ile simu siku mbili zile. Ningekuwa mimi, sijui.

Shemeji alirudi na nywele fupi, mweusi wa jua, na sauti ambayo sijui aliitoa wapi. Tukamkalisha. Dada yake akaweka simu mezani, akaisukuma mbele yake, akasema, "Chagua mwenyewe. Sisi tutalipa tunachoweza."

Binti akatazama ile simu. "Dada, mimi nimekuwa mtoto wa mwalimu tangu darasa la kwanza. Nikicheka, mama anaambiwa. Nikisinzia, mama anaambiwa. Kambini tulikuwa wengi mno, hakuna aliyejua mama yangu ni nani. Wiki ya kwanza nililia. Wiki ya pili nikaenda mwenyewe kwa afande nikamwambia viatu vinanibana. Nikapewa vingine." Akanyamaza kidogo. "Mlimani."

Mke wangu akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anaumia, na hakuficha. "Na ukizama?"

"Nilisikia siku ile kwenye gari," shemeji akasema. "Simu ilikuwa imezima chaji. Nilisikia yote. Nina namba ya shemeji yule, nimeshaongea naye."

Tukaangaliana. Nyumba hii, tulidhani sisi ndio tunaiendesha.

Na wewe uliye kazini unayefikiria kurudi kwa shahada ya pili ya jioni, usidhani haya ni ya watoto. Darasa la jioni la chuo kikubwa limejaa watu waliotoka kazini wamechoka, na kila mmoja anajua njia ya kwake ya kurudi nyumbani tu. Kama unajijua kwamba bila kusukumwa husomi, bora uanze na mtu mmoja mnayejiandikisha naye, au ukubali mapema kwamba Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya wasioweza kukaa darasani, kinadai nidhamu kubwa zaidi ya hiyo. Mke wangu ameanza yake Machi hii. Tulimhamishia shemeji zamu ya kulipiwa nusu na kaka yao wa Mwanza, ambaye miaka yote hakuna aliyekuwa amemwomba.

Siku ya kuripoti, aliyekuja na kirikuu kubeba godoro, ndoo na begi alikuwa mdogo wangu. Siku hizi ni fundi umeme, kirikuu ni yake mwenyewe. Kitanda cha hosteli kilikuwa kimepatikana. Tulipofika, mimi nikashika godoro upande mmoja nimngoje ashike upande wa pili. Hakushika. Alimgeukia binti akasema, "Shemeji, kabla hatujapandisha, ofisi ya mshauri wa wanafunzi iko wapi?"

Hakujua. Mimi, msomi wa noti ya mia tano, nami sikukumbuka. Tuliuliza watu wawili, wa tatu ndiye aliyetuonyesha. Tukaenda wote wanne, mke wangu amebeba ndoo kwa sababu hakutaka kuiacha. Mlango ulikuwa umefungwa, ilikuwa saa ya chakula. Nikasema basi, umeshapaona, twende. Mdogo wangu akakaa kwenye ngazi. "Tungoje," akasema.

Tukangoja. Saa nane kasoro dakika tano akaja mama mmoja wa makamo, funguo mkononi, akatutazama, watu wanne na ndoo. "Karibuni. Nani ana shida?"

Shemeji alikuwa ameshasimama. "Shikamoo mama. Sina shida bado," akasema. "Nimekuja kukuonyesha sura yangu."